Mshumaa wa Jumapili

Haya nimeambiwa na Philomena, mke wa mdogo wangu, mwezi wa nane mwaka 2015, tukipukuchua maharage nyuma ya nyumba yake hapa Kibondo. Alipokuwepo mwenyewe alisimulia alichokiona. Pale ambapo hakuwepo aliambiwa na Loyce, na Loyce si mtu wa kuongeza chumvi.

Alianza na pikipiki.

Ilikuwa Honda XL nyekundu. Saa tatu asubuhi, Jumapili ya pili ya mwezi wa sita, ilikuwa ikikata vumbi la barabara ya Kasulu kama panga linavyokata mgomba. Mbele yake, Fuso iliyofunikwa turubai.

Juu yake, Loyce Ntirampeba. Miaka thelathini na minne. Mzaliwa wa Rungwe Mpya. Mpelelezi wa Idara, jina la kazi Nyigu. Kiunoni, chini ya koti, Makarov yenye risasi nane.

Redio ikakoroma.

"Nyigu, hapa Mzinga. Unamwona?"

"Namwona. Mita mia mbili."

"Usipige risasi. Nataka maboksi, sitaki moto."

"Sawa."

Mzinga ni Ildefonsi, mkubwa wake. Alikuwa mbele zaidi na Land Cruiser na vijana wanne, akisubiri.

Loyce alikuwa na hasira. Si hasira ya kupiga kelele. Ni ile inayokaa kifuani kama kaa la moto chini ya majivu, ukidhani limezimika ukaligusa utajua.

Sikilizeni kilichokuwa ndani ya maboksi. Dawa ya malaria. Boksi lina nembo, lina tarehe ya kuisha, lina karatasi ya maelezo iliyokunjwa vizuri kabisa. Lakini kidonge chenyewe ni unga wa muhogo na chokaa. Mwezi wa nne dawa hiyo iliuzwa Kibondo ikafika mpaka Kasanda. Watoto kumi na mmoja walizikwa. Mmoja wao alikuwa Akimana wa Philomena, miaka mitatu. Mama yake alimpa kidonge asubuhi na jioni, bila kukosea saa hata moja.

Sasa ulikuwa unakuja mzigo mkubwa kuliko ule. Unakwenda Kasulu, kambini, ambako watu wa Burundi walikuwa wakiingia kila siku kwa maelfu, wakilala kwenye nyasi, wakitetemeka homa. Ukifika jioni ile, Jumatatu asubuhi ungekuwa midomoni mwa watoto.

Loyce akapinda kushoto. Akaipita Fuso. Akaizuia barabara kwa Honda, akashuka, akasimama katikati na Makarov mkononi.

Fuso ilisimama hatua tano kutoka kifuani pake.

"Shuka."

Dereva akashuka mikono juu. Mfupi, shati la Simba, anaitwa Rashid.

"Fungua turubai."

"Mama, ni maharage."

"Fungua."

Akafungua. Ilikuwa maharage. Ya njano, magunia sitini, na harufu ya maharage.

Loyce akainama chini ya gari. Kidude chake kilikuwa pale kwenye chuma, kidogo kama kifungo cha koti, kikimwekamweka taa nyekundu. Ndicho kilichomvuta mpaka hapa. Alhamisi alimkabidhi William akakibandike kwenye gari la dawa. William ni mkaguzi wa maduka ya dawa aliyehamishiwa Kibondo kutoka Mara, mtu mpole, mwenyeji wake katika kazi hii.

Akapiga simu.

"William. Umebandika kwenye maharage."

"Pole, dada Loyce. Magari yenyewe yanafanana. Sasa tufanyeje?"

"Subiri."

Akakata. Alipoinua macho alimkuta Rashid anafuta kitu kwenye simu kwa kidole cha gumba, haraka haraka, kama mtu anayejikuna upele.

Loyce akamnyang'anya. Tecno, kioo kimepasuka. Kwenye kioo kuna picha ya mistari ya kijani na myekundu, imetumwa asubuhi ile kwenye kundi la WhatsApp linaloitwa Darasa la Mishumaa.

"Hii nini?"

"Biashara yangu ya pembeni, mama. Bei ya dhahabu ya dunia. Kuna Profesa anatufundisha pale ukumbini nyuma ya soko. Ukijua kusoma mishumaa unatajirika umekaa."

"Wewe umetajirika?"

"Bado nasoma."

Rashid hakujua anazungumza na nani. Loyce alikaa miaka miwili Dar es Salaam kwenye chumba kisicho na dirisha, akiwafuatilia watu wanaoficha fedha chafu kwenye masoko ya nje. Alisoma mishumaa mpaka akawa anaiota.

Philomena alinieleza hivi, nami nikaelewa, kwa hiyo na wewe utaelewa. Mshumaa mmoja ni siku moja ya soko. Una mwili, na una utambi juu na chini. Mwili unaonyesha bei ilipofungukia na ilipofungia. Utambi unaonyesha ilikofika ikarudi. Kijani, bei imepanda. Mwekundu, imeshuka. Mkubwa wa leo ukiufunika wote wa jana, wanasema umeumeza. Mwili mfupi wenye utambi mrefu chini wanauita nyundo.

"Nisomee," Loyce akasema. "Huu wa Ijumaa."

"Huo umemeza wa Alhamisi."

"Maana yake?"

"Bei... itapanda."

"Vizuri. Na huu wa leo, wenye utambi mrefu chini?"

"Huo ni wa mtoni," Rashid akajibu.

Kisha akafunga mdomo. Lakini neno lilishatoka.

Loyce alimwangalia. Alikunja tu mkono wa koti, taratibu, kiwiko kikaonekana.

"Mama, mimi nina watoto."

"Na wale kumi na mmoja walikuwa mbuzi?"

Rashid akakaa chini barabarani. Akasema yote. Kijani, mzigo upite. Mwekundu, usipite. Ukimeza, mzigo ni mara mbili. Utambi mrefu chini, njia ya mtoni. Utambi mrefu juu, njia ya mlimani. Leo saa tisa, mzigo wa mara mbili ungetoka mpakani kwa njia ya mtoni, na Profesa mwenyewe mbele yake kwenye Noah. Yeye Rashid alilipwa kuzunguka tu na maharage.

"Nani anachora?"

"Simjui, mama. Haki ya Mungu. Profesa anasema zinatoka sokoni duniani."

Hapo Rashid alisema kweli. Loyce akarudi kwenye picha. Akahesabu mishumaa kwa kucha. Jumatatu, Jumanne, Jumatano, Alhamisi, Ijumaa. Halafu pengo. Halafu Jumapili. Wiki iliyotangulia, vilevile. Ile ya nyuma yake, vilevile.

Kucha ikasimama.

Soko la dunia hupumzika Jumamosi na Jumapili. Hili lilipumzika Jumamosi tu. Jumapili lilikuwa kazini tangu asubuhi.

Loyce aliujua mpango huo wa siku. Aliuonja tangu tumboni. Kwao Rungwe Mpya, Ijumaa jua halijazama sufuria zote zimesuguliwa, kuni zimekatwa, maji yamejaa. Jumamosi hakuna jembe linaloinuliwa. Jumapili majirani wakienda misa, mama yake anawatoa watoto kwenda shamba. Mama yake ni Msabato, na hata uwe na njaa namna gani Jumamosi huli kilichopikwa siku hiyo.

Mtu aliyechora picha hii alikuwa anaishika Sabato. Kukosea huko hakukuwa kwa makusudi. Hakuweza tu kufanya kazi Jumamosi, wala haikumjia akilini kwamba Jumapili watu wengine hawafanyi.

Ijumaa jioni William alimwambia: "Jua likizama nazima simu, dada. Tutaonana Jumapili." Na Loyce alimpenda kwa hilo. Alimkumbusha nyumbani.

Akashika redio, akamweleza Ildefonsi habari ya michoro na njia ya mtoni.

"Mzinga. Mchoraji ni William."

"Una uhakika?"

"Ni Msabato."

"Wasabato ni wengi mkoa huu, Nyigu. Mama yako mmojawapo."

"Ndiyo. Lakini niliyemkabidhi kidude changu ni mmoja."

"Nenda," Ildefonsi akasema. "Namtuma kijana amchukue dereva. Halafu?"

"Hamia njia ya mlimani. Weka gogo."

"Si umesema wanapita mtoni?"

"Watabadilisha mawazo."

Honda iligeuka. Vumbi likamfunika Rashid na maharage yake.

Saa tano na robo Loyce aliegesha pikipiki nyuma ya soko la Kibondo. Philomena alikuwa jikoni kwenye ukumbi, anasonga ugali wa wanafunzi wa Profesa. Alichukua kazi hiyo kwa maombi ya Loyce, wiki tatu nyuma, awe macho yake pale, maana madereva wa mpakani walikuwa wakikusanyika hapo.

"Mwakeye, Mama Akimana."

Watu bado wanamwita hivyo. Ukishaitwa jina la mtoto, halizikwi naye.

"Mwakeye, mwanangu. Mbona macho yako hivyo?"

"Bwana William yuko wapi?"

"Ndani. Jumapili huwa peke yake, wanafunzi wako kanisani. Anakaa na kompyuta anachora mistari, mimi nampelekea chai."

"Jumapili zote?"

"Zote. Nilidhani ni masomo." Mwiko ukasimama kwenye sufuria. "Loyce. Yale ni nini?"

Loyce akamwambia. Kwa maneno machache, maana hayahitaji mengi.

Philomena alishusha sufuria. Akafuta mikono kwenye kanga, kidole kimoja kimoja.

"Twende," akasema.

William alikuwa kwenye meza ndefu, shati jeupe limepigwa pasi, kompyuta ya HP mbele yake. Alitabasamu.

"Dada, karibu chai. Umewapata?"

"Nimekupata."

Mkono wake ukaruka kuzima kompyuta. Wa Loyce ulikuwa umeshafika. Alimkamata kifundo, akakizungusha, akamlaza shavu juu ya meza. Chai ikamwagika. Pingu ikalia mara mbili, moja mkononi, moja kwenye mguu wa meza.

"Mimi nilichora tu," William akasema, shavu kwenye chai. "Sijawahi kumuuzia mtu kidonge hata kimoja."

"Amri ya nne, ya Sabato, umeishika kwa mikono miwili, William. Ya sita, ya usiue, umeitupia mbwa."

"Dada, usinihukumu."

"Mama yangu angekuhukumu. Mimi nakukamata." Akamgeuzia kioo cha kompyuta. "Nyundo hii uliichora baada ya mshumaa uliopanda. Wanaojua soko hawaiiti nyundo ikikaa hapo. Wana jina lingine. Aliyenyongwa."

William akafumba macho.

Saa sita kasoro. Njia ya mtoni ina vichochoro zaidi ya ishirini. Jeshi zima lisingeiziba. Ya mlimani ina mlango mmoja. Loyce akavuta kiti, akaanza kuchora upya kwenye kompyuta ileile. Mwili mfupi wa kijani. Utambi mrefu, safari hii juu. Nyundo iliyogeuzwa.

Philomena alikuwa amesimama nyuma yake.

"Hapo chini umeandika Jumatatu," akasema.

"Jumapili hakuna soko, Mama Akimana."

"Kwao lipo. Wakiona Jumatatu si watapita kesho?"

Vidole vya Loyce viliganda. Miaka miwili ya chumba kisicho na dirisha ilikuwa imemwandikia Jumatatu bila yeye kujua. Angewapa siku nzima ya kustuka.

"Umesoma mpaka wapi wewe?"

"La nne. Lakini siku za wiki ninazijua."

Akaandika Jumapili. Akaichukua simu ya William, Samsung mpya. Akatuma.

Tiki moja. Tiki mbili. Zikageuka buluu.

Jibu likaja. Profesa.

*Kwa nini umebadilisha?*

Loyce akainua kidole aandike. Philomena akamshika mkono.

"Huyu William huwa haanzi hivihivi. Kila anachoandika anaanza Bwana asifiwe. Hata kwenye karatasi ya kuagiza sukari."

Loyce akaandika: *Bwana asifiwe. Askari wako mtoni.*

Wakasubiri. Nje mtu alikuwa anapiga kelele za kuuza dagaa.

*Amina*, Profesa akajibu. *Mlimani saa tisa.*

"Kaa naye," Loyce alisema, akikoki Makarov. "Askari wanakuja kukusaidia. Usimpige."

"Sitampiga."

"Nakujua."

"Nimesema sitampiga."

Saa tisa na dakika nne, Noah nyeupe ilipanda kona ya mwisho ya mlima. Nyuma yake Fuso, imelemewa, inahema. Kwenye kona kulikuwa na gogo la mninga.

Noah ikafunga breki. Fuso ikaigonga kwa nyuma.

Land Cruiser ya Ildefonsi ikatokea vichakani, Loyce nyuma yake na Honda.

"Chini! Mikono!"

Dereva wa Fuso alilala mwenyewe bila kulazimishwa. Mlango wa Noah ukafunguka, mtu mrefu mwenye miwani akaruka, akaingia shamba la mihogo. Ndiye Profesa. Hakuna aliyejua kwao ni wapi. Mfukoni alikuwa na pasi tatu za nchi tatu.

Loyce akamfuata.

Mihogo ilikuwa imemzidi kimo. Majani yanampiga usoni. Risasi ikapita juu ya kichwa chake, ikakata shina. Glock. Ya pili ikachimba udongo. Akalala chini. Akahesabu pumzi tatu. Akasikia kikohozi, upande wa kulia, karibu.

Hakupiga risasi. Aling'oa shina la muhogo lenye udongo, akalirusha kushoto. Profesa akageuka akafyatua kuelekea huko.

Loyce akatokea kulia. Teke moja, Glock ikaruka. Teke la pili, Profesa akakaa. Miwani ikaning'inia sikio moja.

"Madame," akasema kwa Kiswahili cha kambini, "doucement, polepole. Tutaelewana. Kila kitu kiko na bei."

Loyce alimwangalia yule mtu kwenye udongo, suruali yake ya gharama, mihogo pande zote. Kaa la moto likapanda mpaka kooni. Kidole kilikuwa kwenye kifyatulio. Philomena anasema Loyce alimkiria hilo: kilikaa pale muda mrefu kuliko inavyoruhusiwa.

Akakitoa.

"Leo Jumapili," akasema. "Soko limefungwa."

Ildefonsi alipanda juu ya Fuso akapasua boksi moja kwa kisu. Akachukua kidonge, akakivunja kwa meno, akatema.

"Muhogo," akasema. "Wametuuzia muhogo sisi Waha."

Mzigo wote ulikuwemo. Hakuna boksi hata moja lililofika Kasulu.

Waliporudi ukumbini jua lilikuwa bado liko juu ya miti. Askari wawili walikuwa mlangoni. Ndani, William bado kafungwa kwenye meza, na Philomena amekaa mkabala naye kwenye benchi, mikono mapajani. Muda wote huo, kama saa tano hivi, hakumgusa. Hakumsemesha. Alimwangalia tu, na askari mmoja alisema afadhali angempiga.

Walipomfungua ili wamtoe, William alisimama mbele yake. Shati lake jeupe lilikuwa na doa la chai.

"Mama Akimana. Sema chochote."

Philomena akasema.

"Ulikuja msibani kwangu. Ulileta sukari kilo mbili. Ukakaa na wanaume, ukala, ukaomba sala ndefu kuliko ya mchungaji."

"Nilikuwa sijui kama dawa ile... Haki, sikujua kama ni mtoto wako ataipata."

"Ulijua ni wa mtu."

Askari wakamshika William mabega, wakampitisha jikoni, penye sufuria ya ugali uliopoa, mpaka kwenye gari.

Ildefonsi alimpa Loyce mkono.

"Ripoti kesho?"

"Keshokutwa. Mzinga, sijalala tangu Ijumaa."

Alimrushia kijana mmoja ufunguo wa Honda. Akamkumbatia Philomena, kwa muda mfupi, kama watu wasiozoea. Akavuka uwanja wa soko bila kugeuka nyuma, mikono mfukoni, akinunua ndizi moja njiani na kuimenya akitembea. Land Cruiser iliyokuwa inampeleka Profesa mpaka Nyakanazi ilimchukua pale barabarani. Alikaa mbele. Kabla hawajafika Kakonko kichwa chake kilikuwa kwenye kioo, mdomo wazi, na Profesa mwenye pingu huko nyuma akawa anasikiliza anavyokoroma.

Philomena alikwenda nyumbani kwa miguu. Mdogo wangu Longinus alikuwa mlangoni.

"Umekula?"

"Bado."

"Nikuandalie?"

"Acha. Wamekamatwa, Longini. Wote."

Longinus hakuuliza ni akina nani. Alimtandikia mkeka. Tangu mwezi wa nne Philomena alikuwa akilala kwa vipande, anashtuka kila saa ya kidonge, asubuhi na jioni, mkono unapapasa pembeni. Jioni ile alijilaza na viatu miguuni. Saa ya kidonge ilifika. Longinus alimtazama mkono. Haukutikisika.

Akamvua viatu, kimoja, kisha kingine. Akaegemea ukuta pale pale chini, karibu na miguu yake, akafumba macho kidogo tu, na usingizi ukamchukua naye.